Mchungaji Aliyefungia Baraka Ndani

Sikumpenda Mchungaji yule, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda eti kwa sababu amezeeka. Huku kwetu mtu akishaota mvi watu husahau kila alichotenda. Wanaanza kumwita baba wa wote, wanamtengea kiti cha mbele kwenye harusi, wanamkatia finyango nono. Mimi sisahau. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizeni wanaojali. Mimi nilimjua akiwa tayari Mchungaji, amesimama mbele yetu kwenye kanisa la matofali ya kuchoma upande wa Itaka, anatunyoshea viganja vyake, na mama yangu yuko nje.

Niwaeleze ilivyokuwa. Wimbo wa mwisho ukishaimbwa, yeye hakubariki papo hapo. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa joho lake, akairudisha usoni, kisha akasema bila kumtazama mtu: "Waliotengwa watupishe." Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameshafungua mlango wa pembeni. Walitoka mmoja mmoja: mzee aliyeoa mke wa pili, binti aliyepata mimba akiwa bado kwao, mama mmoja mpika pombe ya komoni, na wa kwangu. Walipita mbele ya macho yetu sote. Mlango ukafungwa. Ndipo mikono ikapanda, na sauti ikabadilika kuwa tamu, na maneno yale ya Haruni ya kubariki na kulinda yakatushukia sisi tuliobaki ndani. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huko inauma mpaka kwenye meno, na wao walikuwa wamesimama ukutani kwenye umande, na khanga zao mabegani, wakisikiliza.

Kosa la mama lilikuwa nini? Alibarikiwa. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Babu, baba yake mzazi, hakubatizwa. Mama ndiye kitinda mimba wake, na ndiye aliyemuuguza, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko mpaka mwisho. Siku babu alipojua anaondoka, alimwambia mama amletee maji ya mtungini. Akayatia kinywani, akampulizia mama usoni na kifuani kama wazee wa Kinyiha walivyofanya siku zote, akasema maneno yake, akalala. Jirani aliyekuwepo alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Mchungaji. Matanga hayajaisha, mama akaitwa kwenye baraza la wazee wa kanisa.

"Umetemewa mate na mpagani," Mchungaji alimwambia.

"Nimebarikiwa na baba yangu," mama akajibu.

"Tubu. Sema ulipokea uchafu, tumalize."

"Mchungaji, nikisema baba yangu kanipa uchafu, ile amri ya kuwaheshimu baba na mama nitaipeleka wapi?"

Wazee waliangalia chini. Yeye hakuangalia chini. Akamtenga siku ile ile, akasema atarudi kundini atakapotubu. Mama hakutubu, ila hakuacha kanisa pia. Hapo ndipo wote wawili waliponichosha. Wengine waliotengwa walikwenda kutafuta makanisa mengine, na nyakati hizo makanisa yalikuwa yanaota Tunduma kila uchochoro, kila moja na spika zake. Mama alisema, "Hapa ndipo nilipobatizwa, nihamie wapi?" Kila Jumapili alivaa kitenge chake kizuri, akatembea kilima kizima, akakaa, akaimba, akasikiliza mahubiri, kisha akatolewa nje.

Tena mjue kilichomuuma hasa. Aliyekufa akiwa ametengwa hakuzikwa na mchungaji. Kengele haikupigwa, jeneza halikuingia kanisani, hakuna aliyenyosha mkono juu ya kaburi lake. Yule mzee wa wake wawili alipofariki, mama alikwenda kuzika. Wanawe waliimba wenyewe, wakachanganya beti, mmoja akaanza kulia katikati ya wimbo, wakafukia kimya kimya. Mama alirudi nyumbani akakaa jikoni, moto umezimika, hata hakuuona. Akaniambia: "Skola, mimi nisizikwe hivyo." Mimi nilikuwa binti mdogo, lakini neno lile liliniingia. Tangu siku ile nilijua mama yangu anataka kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho kiko mikononi mwa mtu mmoja.

Wanawake wa kwetu si wajinga. Walianza mchezo wao. Mchungaji akibariki, walikinga viganja, na neno la mwisho likishatoka walifumba ngumi. Wakatoka nje na ngumi zao, wakamwendea mama ukutani, wakazifumbua mikononi mwake. Mama naye akajipaka usoni. Wengine waliiga, wakawapelekea wagonjwa nyumbani ngumi hizo, na bibi mmoja aliifumbua juu ya miche yake ya kahawa, na wallahi miche ile ilishika. Mchungaji aligundua. Jumapili moja alikatisha katikati, mikono iko juu.

"Fumbueni viganja! Baraka siyo ugoro wa kufungwa kwenye upindo wa khanga!"

Akasubiri mpaka kila ngumi ifumbuke. Wiki iliyofuata akaagiza madirisha ya upande ule yafungwe kabla ya baraka, maana aliambiwa mama husogea pale asikie vizuri. Madirisha yenyewe yalikuwa ya mbao. Mzee wa kanisa alizunguka akiyafunga, pa, pa, pa, kanisa likawa giza mchana kweupe, na sisi tukabarikiwa gizani. Ukimuuliza Mchungaji anatafuta nini, alikuwa na msemo wake: "Zizi lisilo na mlango ni uwanja." Aliupenda msemo huo, aliusema mpaka kwenye harusi.

Kulikuwa na mwaka alikwenda semina Mbeya mjini, akarudi na Wayahudi mdomoni. Hatukupumzika. Kila mahubiri yakawa Wayahudi hivi, Wayahudi vile. Kwamba wana wa Haruni mpaka leo hujifunika shuka kichwani wakati wa kubariki. Kwamba vidole hutenganishwa namna ya pekee. Kwamba watu hawaitazami ile mikono, wanainamisha vichwa. Basi na sisi tukaamriwa kufumba macho, na yeye akawa anatanua vidole vyake juu yetu. Najua kwa sababu nilichungulia. Na siku moja, kwa kupenda kwake kuonyesha alichojifunza, alisema mbele ya watu wote kwamba walimu wa Kiyahudi wanafundisha hivi: hata aliye shambani, ambaye kazi imemzuia kufika, baraka ya makuhani inamfikia huko huko na jembe lake.

Mama alikuwa bado ndani, maana wakati wa mahubiri walikaa. Alipotoka mara hii hakwenda ukutani. Alisubiri mlangoni mpaka ibada iishe, akamkabili Mchungaji akiwa bado na joho.

"Mchungaji, aliyeko shambani inamfikia. Na aliyeko ukutani je?"

Watu walisimama. Nami nilisimama, nikasema leo kapatikana.

"Wa shambani amezuiwa na kazi," alisema. "Wewe umezuiwa na kiburi."

Akafungua mwavuli wake akaondoka. Mwavuli ule ulikuwa mweusi, hakuuacha hata kiangazi, na namna alivyoufungua, tap, ndivyo alivyofunga mazungumzo. Ningekuwa mwanaume siku ile ningeuvunja.

Sasa sikilizeni kichekesho. Miaka ile biashara ilifunguka, mpaka wetu ukachangamka. Wafanyabiashara wa Tunduma walianza kununua malori, mashine za kusaga, nyumba za kulala wageni. Na kila aliyenunua alitaka baraka. Walituma gari limfuate Mchungaji, na Mchungaji alikwenda. Nilikuwa nimeshahamia Tunduma wakati huo, nauza vitenge na mablanketi kwa Wazambia, nawasalimu kwa lugha yao, "mulishani, mama, bei nzuri hii," kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu wala sikuhadithiwa. Nilimwona amesimama mbele ya lori jipya, mikono miwili juu ya boneti, amefumba macho, analiombea mpaka tairi za akiba. Mwenye lori alikuwa na wanawake watatu na wote tuliwajua. Mmoja alikuwa mteja wangu. Nilimwona akibariki nyumba ya wageni ambayo hata madereva wa Kizambia waliitaja wakicheka.

Nikamfuata. Nilikuwa mtu mzima, nikaona sasa naweza.

"Shikamoo Mchungaji."

"Marahaba, Skola. Mama hajambo?"

"Hajambo, amesimama nje. Mchungaji, huyu mwenye lori mbona hukumwambia atupishe?"

Hakukasirika. Ndicho kilichoniudhi kwake, hakukasirika kamwe. "Sikumbariki yeye," alisema. "Nimebariki gari. Gari halina dhambi."

Gari halina dhambi! Nilirudi kwenye meza yangu nikamwambia kila mteja. Mpaka leo kuna watu sokoni wananitania kwa neno hilo, na mimi sicheki nao.

Na hili nalo niliseme, nisije nikaitwa mwongo. Mdogo wangu Amoni akiwa mtoto alishikwa na degedege, macho yamegeuka, mvua inanyesha, baba yetu alikuwa ameshafariki na hakuna gari lililopita barabara ile siku nzima. Mama alimbeba akaanza kutembea kuelekea Vwawa. Mchungaji alikutana naye njiani akiwa na baiskeli. Hakuuliza kitu. Alimfunga Amoni kifuani kwake kwa khanga ya mama, kama wafanyavyo wanawake, akakanyaga baiskeli kwenye tope lile mpaka hospitali, akabaki huko akimwekea kitambaa cha maji mpaka mama alipofika kwa miguu. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu tusingekuwa na Amoni. Mchungaji alikohoa wiki nzima baada ya hapo. Na Jumapili, akiwa bado anakohoa, alivua miwani, akaifuta, akasema waliotengwa watupishe, na mama akatoka na Amoni mgongoni.

Watu hunisimulia habari hii ili nilainike. Wapi! Mtu mbaya kabisa ungemchukia ukapumzika. Huyu alikuwa anajua kabisa kutenda wema. Alizika watu wa kipindupindu kwa mikono yake wakati ndugu zao wenyewe wamekimbia. Alikuwa hali chakula nyumbani kwa mtu mpaka aulize watoto wamekula nini. Wema wote huo anao, halafu neno moja la kumwambia mama yangu hana? Mama mwenyewe hakumsema vibaya. Nikianza, alikata: "Mwache, mwanangu. Naye ana Mungu wake anayemwogopa." Nikawa na hasira ya watu wawili.

Alipostaafu nilifurahi, nikasema mambo yameisha. Akaletwa mchungaji kijana, mcheshi, anapiga gitaa. Desturi ya kutoa watu nje akaiacha kimya kimya. Lakini mama hakutaka kurudi kwa kimya kimya. Na kijana mwenyewe nilipomwendea, mama alipokuwa ameshaanza kuugua ugonjwa aliofia, alinishika mikono akasema, "Dada, mimi ningemrudisha leo. Lakini baraza lina wazee wa wakati ule, watasema nimevunja alichoweka mkubwa wangu. Yeye mwenyewe akisema neno moja tu, hata kwa mdomo, mama anarudi, na Mungu akimchukua tunampigia kengele."

Basi mimi, niliyeapa kutomsemesha tena, nikaenda kumtafuta Mchungaji.

Alikuwa Tunduma kwa mwanawe, nyumba ya nyuma ya soko, amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, anatazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Kutazama nako ni kusema tu. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu na la pili halikuwa mbali. Alikuwa amekonda. Mikono ile ilibaki mikubwa, imelala mapajani.

"Shikamoo Mchungaji."

"Marahaba. Huyu ni Skola. Sauti ya ugomvi."

Nikamweleza. Sikubembeleza, nilieleza. Malori yakasogea kidogo, akasema, "Nipeleke." Nikakodi gari. Njia nzima nilijiambia kwamba mtu hapandi gari na uzee wote ule kwenda kusema hapana. Aliuliza jambo moja tu, kama kahawa ya huko imeshachanua. Nikamwambia sijui, mimi ni mtu wa vitenge.

Mama alikuwa amelazwa chumba cha mbele penye jua. Amoni alitoka kumpokea mgeni, yeye ambaye asingekuwepo, akamshika mkono akamkalisha karibu na kitanda. Mama alitabasamu alipomwona. Alitabasamu, jamani!

"Mchungaji, pole na safari."

"Nimeshapoa, Mama Skola. Pole na wewe." Akatoa kofia. "Nimekuja. Lakini neno ni lile lile."

"Nalijua."

"Sema tu kwamba ulikosea kupokea. Sitauliza zaidi. Hata kwa sauti ndogo."

Nilimtazama mama. Nitasema kweli, nilikuwa namwomba moyoni aseme. Si maneno tu? Nani angemlaumu? Nilitaka ile kengele kuliko alivyoitaka yeye.

"Baba hakuwa na shamba la kunigawia," mama alisema, anapumzika kila baada ya maneno machache. "Hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na maji kinywani na jina langu. Nikisema nilikosea kupokea, nitakufa sijawahi kupewa kitu na baba yangu."

Mchungaji aligeuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

"Siwezi, mama," alisema. "Nikikubariki hivi hivi, wale wote niliowatoa nje niliwatoa kwa nini?"

Nilifungua mdomo nimwambie yote, ya madirisha, ya lori, ya ule mwavuli wake, nimtoe nje yeye leo aone ukuta ulivyo. Mama aliinua kidole, nikanyamaza.

"Basi tuagane," akamwambia. "Ila mgeni haondoki nyumbani kwangu mtupu."

Akamwashiria Amoni amwinue. Amoni akamkalisha, akamwegemeza kifuani kwake. Mama akanyosha mkono wake mmoja, maana wa pili ulikuwa umeshakataa, akauelekeza kwa Mchungaji, akaanza kusema kwa Kinyiha, maneno ya wazee kama babu, ya kumuaga msafiri. Safari yako isikute jiwe. Ufike uwakute wazima. Macho yako yaone mlango wa mwanao. Ulale usiogope, uamke umesahau kilichokutisha. Aliyekuumba asikuache barabarani. Sauti ilikuwa ndogo, lakini hakuruka neno.

Nilikuwa namtazama yule mtu. Sikufumba macho, sijawahi kuyafumba mbele yake. Aliinamisha kichwa. Kofia ilianguka sakafuni, hakuiokota. Viganja vyake viligeuka juu, vikakaa wazi magotini, na mama alipofika mwisho, Mchungaji akasema kwa sauti yake ya kanisani, ile kubwa:

"Amina."

Kisha akafumbua jicho lake zima, akaonekana kama mtu aliyeamshwa mahali asipopajua. Akapapasa kofia. Amoni akampa. Akaondoka bila neno jingine, na mimi nilimsindikiza mpaka kwenye gari kwa sababu ni desturi, lakini sikumshika mkono. Dereva ndiye aliyemshika.

Niliporudi ndani mama alikuwa amelala chali, uso umetulia namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipokuwa mtoto. Nikaanza kusema, "Mama, pole, yule mzee—"

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Ameitikia, Skola." Akafumba macho. "Sasa mnizike mnavyotaka. Kengele waachieni wenyewe."